Tume ya Meno ya Taifa

Nchi yetu ilianza kushughulikia meno mwaka ule Mheshimiwa Dakta Kisauji, Waziri wa Maji, aliporudi kutoka mkutano wa ughaibuni. Alikaa huko siku kumi na mbili. Alirudi na begi la vitabu vyenye picha za rangi, na jambo moja lilikuwa limemkaa moyoni: watu wa kule wana meno mazuri. Aliuliza sababu, akaambiwa kwamba serikali yao hutia madini yaitwayo floraidi katika maji ya bomba, kiasi kidogo tu, miligramu moja hivi kwa kila lita, na kwamba meno ya watoto wao huota magumu, hayatoboki ovyo.

"Nikajiuliza," aliwaambia waandishi wa habari pale pale uwanja wa ndege, akisubiri mabegi, "sisi tumekosa nini?"

Hakuna aliyejibu, kwa kuwa lilikuwa swali la kiongozi. Wiki iliyofuata wizara ilibadilishwa jina ikawa Wizara ya Maji na Meno, na ikaundwa Tume ya Meno ya Taifa ili kukusanya maoni ya wananchi kuhusu kutia floraidi katika maji. Mimi niliteuliwa kuwa mwandishi wa kumbukumbu za Tume. Ndiyo maana naweza kuyasimulia haya bila kuyatia chumvi. Yote niliyaandika kwa mkono wangu, na yale niliyoagizwa kuyafuta bado nayakumbuka.

*

Maoni yalikusanywa katika ukumbi mkubwa wa mji mkuu. Kwa ajili ya utaratibu, wanaounga mkono waliketi kulia wakapewa kofia nyeupe, na wanaopinga waliketi kushoto wakapewa kofia za kijani. Kofia zote zilitolewa na Wizara, kwani serikali yetu haibagui mawazo.

Mjadala ulikuwa mkali na wenye afya. Watu ambao mtaani kwao bomba halijatoa tone tangu tupate uhuru walisimama wakatetea kwa jasho kitu kitakachotiwa humo, na wengine wa mtaa huo huo wakasimama kukikataa. Muuza miswaki alisema floraidi ni ukombozi. Mtengeneza meno ya bandia alisema ni njama. Bibi mmoja aliuliza kama itabadilisha ladha ya chai, akaambiwa swali lake litajibiwa kwa maandishi.

Kiongozi wa kofia za kijani alikuwa Profesa Mtagwaba, mstaafu aliyefundisha historia ya mipaka kwa miaka thelathini. Alizungumza saa nzima. Alisema kwamba floraidi inalegeza mifupa ya wanaume, inapunguza hamu ya ndoa, na mbaya zaidi inamfanya raia akubali kila anachoambiwa na wakubwa.

Bwana Sekiete, Katibu wa Tume, ndiye aliyeongoza vikao. Alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alimjibu Profesa kwa upole ule ule.

"Profesa, serikali haina haja ya floraidi kwa kazi hiyo. Wananchi wetu ni watiifu kwa asili."

Ukumbi mzima, kulia na kushoto, ulipiga makofi.

*

Siku ya nne alifika mwanamke aitwaye Ndekirwa Akyoo. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na nne. Alikuwa mpima maji wa Wilaya ya Songwari, iliyo chini ya mlima, na kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na tisa. Mkononi alibeba daftari na chupa ya maji ya lita moja. Kijana wa mlangoni alimuuliza anachukua kofia gani.

"Sijajua," alisema Ndekirwa. "Natoka Songwari. Kwetu hiyo floraidi imo tayari, tena nyingi. Nimekuja kuomba ipunguzwe."

"Upande wa kupunguza hatuna, mama. Kuna kutia na kutotia."

Aliketi kwenye benchi la nje tangu asubuhi mpaka baada ya swala ya alasiri, Tume ikijadili pa kumweka. Hatimaye Bwana Sekiete aliamua akae kulia, kwa kuwa alikuwa ameitaja floraidi bila kuitukana. Akavishwa kofia nyeupe na kupewa dakika tatu.

Naandika alivyosema. Alisema mlima wa Songwari zamani ulitema moto, na mpaka leo maji yanayotoka kwenye majivu na miamba yake huja na floraidi yenyewe, bila kutiwa na mtu. Kiasi kidogo kinalinda meno, hilo hakulipinga. Lakini kwao si kidogo. Kipimo chake kilikuwa miligramu nane kwa kila lita. Kwa kiasi hicho meno ya watoto huota ya kahawia, yana mashimo kama jiwe la kusugulia miguu, na mifupa yao ikiwa bado michanga hupinda. Wazee hukakamaa migongo, mtu akiitwa nyuma inabidi ageuke mwili mzima. Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua, floraidi inabaki.

"Nina mjukuu," alisema. "Jina lake Anaeli, ana miaka mitatu. Alianza kutembea miguu yake imenyooka. Leo akisimama akakutanisha visigino, paka anapita katikati ya magoti yake bila kumgusa."

Mtu mmoja upande wa kushoto alicheka. Ndekirwa alingoja amalize.

"Nimeiandikia Wizara barua kumi na saba, nikiomba vichujio."

"Zilijibiwa?" aliuliza Bwana Sekiete.

"Zilijibiwa zote. Niliambiwa zimepokelewa."

"Vizuri. Kwa hiyo, mama, unaithibitishia Tume hii kwamba floraidi inaweza kuwamo katika maji ya nchi yetu, na watu wakayanywa, na maisha yakaendelea?"

"Yanaendelea, Bwana Katibu, lakini yanaendeleaje? Mimi nasema..."

"Dakika zako zimekwisha, mama. Tunakushukuru sana."

Niliagizwa kuandika: "Shahidi kutoka Songwari alithibitisha kwamba jambo hili linawezekana."

Nje ya ukumbi Profesa Mtagwaba alimfuata, akamshika mkono kwa heshima kubwa.

"Mama yangu, wewe ndiwe ushahidi tuliokuwa tunautafuta. Tutakuzungusha nchi nzima, watu wakuone."

"Nitashukuru, Profesa. Na maji ya Songwari mtayafanyaje?"

"Tutapinga floraidi isitiwe."

"Imo tayari."

Profesa alifikiri kidogo. "Basi," alisema, "tutapinga kwa nguvu zaidi."

*

Baada ya maoni ulifuata utafiti. Wapiga picha walitumwa kila wilaya, wakapiga picha meno ya wananchi elfu kumi, na picha hizo zikapangwa ukutani Wizarani kuanzia meno mazuri hadi mabaya. Mwisho kabisa wa ukuta, karibu na mlango wa choo, walikaa watu wa Songwari, safu baada ya safu.

Wataalamu waliutazama ukuta wakafikia uamuzi wa kisayansi. Kwa kuwa floraidi inatengeneza meno, na Songwari ndiko kwenye meno mabovu kuliko kote, basi Songwari ndiko kwenye upungufu mkubwa kuliko kote. Ikateuliwa kuwa Wilaya ya Mfano, na magunia mia mbili ya floraidi yakaelekezwa huko.

Waraka ulimkuta Ndekirwa kwenye tangi kuu la wilaya. Aliusoma akiwa amesimama, akausoma tena, kisha akaenda ofisini akampigia simu Bwana Sekiete. Mazungumzo yao ninayo, kwa sababu Katibu alikuwa na desturi ya kuniita niandike kila anapopigiwa simu na mtu wa chini.

"Bwana Katibu, huku mkiongeza, watoto watalemaa. Sisemi meno sasa. Nasema hawatatembea."

"Mama Akyoo, nakusikia. Lakini mimi si mtu wa maji. Mimi ni mtu wa utekelezaji."

"Mtu wa maji ni nani?"

Bwana Sekiete alipekua faili. "Kwa wilaya hiyo," alisema, "ni wewe."

"Basi mtu wa maji anasema msitie."

"Ningependa sana kulifikisha hilo mbele, mama. Tatizo ni kwamba umelisema kwa simu."

Aliliandika basi, ikawa barua ya kumi na nane. Ilipokelewa.

Ndekirwa mwenyewe alikuja kunisimulia baadaye kwamba siku zile alikata tamaa kabisa. Alikuwa akirudi nyumbani anamkuta Anaeli anakimbia uani kwa mwendo wa bata, anacheka, na yeye anashindwa kumtazama. Binti yake Ndeshi, mama wa mtoto, alimwambia wahame.

"Tuhamie wapi?"

"Popote penye maji mengine."

"Tutaondoka sisi watatu na huyo wa tumboni. Na hawa elfu arobaini nitawaagaje? Miaka yote hii ninawapimia maji, ninajua wanachokunywa kuliko wao. Niwaambie kwaherini, endeleeni?"

Ndeshi alikuwa na mimba ya miezi mitano na alikuwa anamenya viazi. Aliinamisha kichwa akaendelea kumenya, na Ndekirwa akaona kwamba analia.

Ndipo akaurudia ule waraka kwa mara ya tatu, safari hii kwa utulivu, kama mtu anayepima maji. Kanuni ya nne ilisema hivi: "Maji ya kila tangi katika Wilaya ya Mfano yafikishwe kwenye kiwango cha taifa, yaani miligramu moja ya floraidi kwa kila lita. Mpima maji wa wilaya atathibitisha kwa saini." Kanuni ya tano ilisema: "Atakayepunguza au kuzidisha kiwango cha taifa atachukuliwa hatua kali."

Yafikishwe. Waliouandika waraka walikuwa watu wa mji mkuu, na kwao kufika ni kupanda. Hawakuwa wamefikiria kwamba kuna mtu anayeweza kulazimika kushuka ili afike. Mwenye miligramu nane, sheria ilimwamuru awe na moja. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, Ndekirwa alikuwa na amri ya serikali ya kufanya kile alichokuwa anaomba.

*

Waraka uliambatana na fomu ya kuomba vifaa. Kulikuwa na kisanduku cha magunia, kisanduku cha koleo, kisanduku cha kofia, na mwisho kisanduku kilichoandikwa "vinginevyo." Ndekirwa aliandika hapo: mifupa ya ng'ombe tani ishirini, na matofali ya tanuru elfu tatu. Akapiga mhuri. Wizarani waliiona fomu imejazwa kwa wino mweusi, haina mkato, mhuri umekaa sawa. Mifupa ikaja kwa malori kutoka machinjio matatu.

Aliichoma ndani ya tanuru lisilopitisha hewa mpaka ikawa mkaa, akaisaga ikawa punje kama za mchele, akaujaza mkaa huo ndani ya tangi la zamani lililokuwa halitumiki, kisha akayageuza maji ya mlimani yapite humo kabla ya kwenda mabombani. Mkaa wa mifupa huikamata floraidi, maji yanaendelea na safari. Jambo hili si la uchawi wala la siri. Lilikuwamo katika barua zote kumi na nane.

Wanakijiji walikuja kuangalia. Mzee Lembris, ambaye mgongo wake ulikuwa umekakamaa hata alimtazama Ndekirwa kwa ubavu, aliuliza kwa niaba ya wote.

"Binti Akyoo, tumekuheshimu siku zote. Leo unataka kutunywesha mifupa?"

"Baba, supu uliyokunywa Jumapili ilikuwa ya nini?"

Mtu mmoja nyuma akasema supu ni supu na maji ni maji. Ndekirwa hakubishana. Alikinga kikombe kwenye bomba jipya, akanywa. Akakinga cha pili, akamwita Anaeli, akampa. Mtoto alikunywa akaomba tena. Mzee Lembris aliliona hilo, akanyoosha mkono akaomba kikombe.

Magunia mia mbili ya floraidi yalifika siku mbili baadaye. Ndekirwa aliyapokea kwa saini, akayapanga ghalani, akafunga kwa kufuli.

*

Uzinduzi ulifanyika mwezi wa saba. Mheshimiwa Dakta Kisauji alikuja na msafara wa magari ishirini na sita, na bendi. Profesa Mtagwaba naye alikuja na kofia za kijani, kwani kibali chao cha kupinga kilitolewa kwenye barua ile ile ya mwaliko. Waliwekewa turubai upande wa kushoto.

Baada ya hotuba gunia moja lililetwa jukwaani likiwa limefungwa utepe. Mheshimiwa alitarajiwa aukate, apande ngazi ya tangi, amimine mbele ya kamera. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya ngazi na daftari langu. Niliona Ndekirwa anatoka kwenye safu ya watumishi, anakuja kusimama kwenye ngazi ya kwanza.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mama. Tupishe kidogo."

"Mheshimiwa, kanuni yako ya nne inasema mpima athibitishe. Naomba nipime kabla hujamimina, ili ibaki kwenye kumbukumbu."

Waziri alimtazama Katibu. Bwana Sekiete alifungua waraka, akasoma, akakubali kwa kichwa. Ndekirwa alikinga maji, akatia dawa yake ya kupimia, akasubiri. Bendi ilipiga wimbo mmoja mzima. Kisha akanyanyua kipimo.

"Sifuri nukta tisa, Mheshimiwa. Ukikadiria, ni moja. Imefika."

"Imefika wapi?"

"Kwenye kiwango cha taifa."

"Kabla hatujatia?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ukimimina gunia hili itazidi. Na kanuni yako ya tano inasema atakayezidisha achukuliwe hatua kali. Sitapenda uchukuliwe hatua, na mimi ndiye ninayepaswa kusaini."

Mheshimiwa alilitazama gunia, akazitazama kamera, akamtazama mwanamke yule aliyesimama mbele yake na kipimo mkononi. Katika utumishi wangu nimewaona viongozi wengi wakifikiri, lakini huyu alifikiri kwa muda ambao sijawahi kuuandika. Kisha akauachia utepe na kuigeukia hadhira.

"Ndugu wananchi, ninayo furaha kuwatangazia kwamba Songwari imefika kabla ya wakati."

Makofi yalikuwa makubwa. Profesa Mtagwaba alipanda juu ya kiti akatangaza kwamba hakuna hata gunia moja lililomiminwa, kwa hiyo upinzani umeshinda. Kofia za kijani zikarushwa hewani, nyeupe nazo zikarushwa, na baadaye hakuna aliyejali ameokota ya nani. Pande zote mbili zilikula pilau kwenye turubai moja.

Mwandishi mmoja wa habari aliuliza kama Mheshimiwa atayaonja maji. Mheshimiwa alikuwa na chupa yake ya maji ya dukani, lakini kamera zilikuwa karibu mno. Ndekirwa akampa kikombe. Alikunywa polepole, akamaliza.

"Mbona matamu? Ni maji ya wapi haya?"

"Ya mlimani, Mheshimiwa."

"Mmeyapitisha kwenye nini?"

"Mifupa ya ng'ombe."

Mheshimiwa alirudisha kikombe kwa uangalifu. Nami nikaagizwa kufuta neno "mifupa."

*

Taarifa ya mwisho ya Tume ilisema kwamba kutokana na mpango wa kutia floraidi, floraidi ya Songwari imepungua kutoka miligramu nane hadi moja. Mpango ukasifiwa na mashirika, na Mheshimiwa akapewa nishani. Kisanduku cha "vinginevyo" kiliondolewa kwenye fomu, kwa kuwa Wilaya ya Mfano ilikuwa imeshafika na haihitaji tena vifaa vya kufikia.

Lakini mkaa wa mifupa huchoka. Kila baada ya miezi minane au tisa hauwezi tena, na kipimo kinaanza kupanda: moja na nusu, mbili, mbili na nusu. Ndekirwa aliandika barua mbili akaacha. Badala yake alizungumza kanisani na msikitini, akaenda mnadani kwa wachinjaji, akapita nyumba kwa nyumba. Tangu hapo kila kaya ya Songwari huweka mifupa yake kwenye gunia, na Jumamosi huipeleka tanuruni. Mzee Lembris, mpaka alipofariki, ndiye aliyekuwa anapokea magunia mlangoni.

Miguu ya Anaeli haikunyooka. Iliacha tu kupinda. Na meno yake yalipoota ya pili, ya mbele yalikuwa na michirizi ya kahawia, kwa sababu yalikuwa yameshaumbika kabla ya tangi. Lakini yule aliyekuwa tumboni Ndeshi alipokuwa anamenya viazi alizaliwa msichana, wakamwita Tumsifu, na hakuwahi kuonja maji ya zamani. Alipotimiza miaka saba akaota meno mawili ya mbele, makubwa, meupe kabisa. Majirani walikuwa wakimwita afungue kinywa.

Habari ilifika Wizarani. Walituma mpiga picha, na mimi nikatumwa pamoja naye niandike maelezo. Tuliwakuta uani watatu, bibi na wajukuu wawili, wamevaa nguo za kanisani kwa ajili yetu. Walisimama pamoja, Ndekirwa katikati, ameweka mikono mabegani kwa wasichana wote wawili, na wote wakatabasamu.

Mpiga picha alitazama kwenye kamera yake, akanyanyua kichwa.

"Mama, samahani. Wewe na huyu mkubwa mnaweza kusogea pembeni? Mtachanganya ujumbe."

Anaeli alimtazama bibi yake. Ndekirwa alimshika mkono, wakasogea mpaka kwenye kivuli cha nyumba.

"Kaa hapa umwangalie mdogo wako, mpaka wamalize kumpiga picha," alimwambia. "Akichoka mpe maji."

Kisha akachukua gunia la mifupa lililokuwa kando ya mlango, akajitwika, akaondoka nalo kwenda tanuruni, kwa maana ilikuwa Jumamosi na kipimo cha juzi kilikuwa kimefika moja na nusu.